Pweza wa Mkwe Wangu

Jumatatu usiku, bamvua, maji makubwa

Na eti mkwe wangu ananiita mama. Sisi wanawake tumejitolea kulinda mwamba tulioufunga usivuliwe ili pweza wakue, jua la utosini, hatulipwi hata nauli. Yeye anauingia alfajiri na mkuki wake kama paka jikoni.

Kisha anamtuma mwanangu Zuhura aniletee mmoja ndani ya beseni, kafunikwa kanga.

"Mama, mkweo anakusalimu."

"Pweza huyu kamtoa wapi?"

Akatazama chini. "Ukisema watamtoza faini. Na mimi ataniacha."

"Akuache kwa ajili ya pweza? Basi hakukuoa, alikuazima."

Beseni nikalibeba mwenyewe mpaka kwa wenzangu wa ulinzi, nikamtaja kwa jina. Ningenyamaza, kesho kila mwenye mkwe mtu wa zamu ya ulinzi angeingia mwambani, sisi tubaki tunalinda mawe.

Zuhura kaondoka analia, hakuniaga. Yule mwizi hanisumbui. Naogopa kweli atamwacha, na wale wajukuu wangu...

Chumba cha uani nimekifagia. Kitanda nimekitandika, chandarua nimekifunga. Mwanangu akija na wanawe watalala. Mumewe na alale na mkuki wake.