Sketi ya Bluu kwa Fundi

Ushirombo, Desemba 26

Mama mkwe hajawahi kunipenda kiasi hiki. Tangu tumefika na watoto kutoka Geita, hataki nishike hata mwiko. "Pumzika, Mama Kabula, umechoka na safari." Mwaka jana vyombo vya ukoo mzima niliviosha peke yangu!

Halafu wifi naye. Juzi alimpima Kabula kiuno kwa kamba, eti gauni la Krismasi. Krismasi imepita na gauni sijaliona.

Leo asubuhi babu yao kamkabidhi Kabula mbuzi. "Huyu wako, mjukuu wangu, utamchunga mwenyewe." Atamchungia wapi, kwenye kile chumba chetu cha kupanga Kalangalala, kule Geita?

Mila yao naijua. Mjukuu wa kwanza analelewa na bibi. Mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo, na mpaka leo yeye humwita mama yake mzazi dada. Dada! Mimi siwezi...

Mchana nilipeleka suruali ya mume wangu kwa fundi cherehani. Ukutani imening'inia sketi ndogo ya bluu, sare ya shule ya hapa. Fundi akatabasamu. "Ya binti yako hiyo, imebaki pindo tu."

Watoto walipolala nikamwuliza mume wangu, "Baba Kabula, ile sketi kwa fundi ni ya nini?"

Nilikuwa naomba Mungu mume wangu aniulize, sketi gani?

Akageukia ukutani. "Nani kakuonyesha?"