Wimbo wa Kukanyaga Joka

Jumamosi, mwishoni mwa Septemba. Mawingu mazito tangu asubuhi lakini mvua yenyewe haikushuka, Kibaha nzima imetokota. Nimeoga, nimerudia kuoga, na bado naona nina vumbi la pale ngazini.

Naandika kwa haraka, kwa hiyo mtanisamehe makosa ya uandishi.

Kesho ni Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Kwa msiosali kwetu, hiyo ni Jumapili ambayo watoto ndio wanaendesha ibada, na tunakumbuka jinsi malaika Mikaeli alivyopigana na joka mpaka likatupwa chini. Mimi ndiye ninayewaongoza watoto katika sifa na kuabudu. Wimbo wa mwaka huu nimeutunga mwenyewe, na sitajifanya mnyenyekevu: ni mtamu. Brayani, mwimbishaji wangu wa miaka kumi, anaita, "Joka limeanguka! Tulifanyeje?" Wenzake wanajibu, "Tulikanyage!" Kisha anataja kiungo na wote wanaruka kwa miguu miwili. Kichwa, puu! Mkia, puu! Makucha, puu! Mwezi mzima walikuwa wananiharibia hapo kwenye makucha, kila mmoja anatua kwa wakati wake. Nimewagombeza mpaka sauti imekauka.

Leo mchana tulikuwa tunafanya mazoezi ya mwisho, nje, kwenye ngazi za kanisa, maana ndani hakukuwa na hewa. Wengine walikuwa wameshavaa viatu vipya vya sikukuu kwa sababu mama zao walishindwa kuwazuia. Glori, ambaye ana miaka sita na maswali ya mtu wa sitini, alikuwa na vyake vyeupe.

Ndipo zikaja kelele kutoka upande wa stendi ya Kwa Mathias. "Mwizi! Mwizi huyoo!"

Sasa niseme ukweli, maana nisipousema hapa sijui nitausemea wapi. Nilifurahi. Mwezi uliopita niliporwa simu palepale stendi, na tangu siku ile nikisikia neno mwizi damu inanichemka. Nikasema moyoni, afadhali, leo wamempata mmoja.

Akakimbilia kwetu, umati ukiwa nyuma yake. Kijana mwembamba, shati limechanika, sikio linavuja damu. Nadhani alifikiri kanisani ataonewa huruma. Alipofika mbele ya ngazi, bodaboda mmoja alimtwanga kisogoni kwa helmeti, akaanguka miguuni pa watoto. Wakamzunguka kwa mateke, mawe na mkanda wenye bizimu ya chuma. Nilisikia taya lake likivunjika. Lililia kama muwa ukivunjwa.

"Kaanguka! Kaanguka!" wakawa wanashangilia.

Na Brayani, kwa sauti ileile niliyomfundisha, akaita: "Tulifanyeje?"

"Tulikanyage!" wakajibu wenzake, na wakashuka ngazi.

Wale wanaume walicheka. Mmoja akasema, "Wapisheni watoto, nao wapate baraka," na kweli wakasogea kuwapa nafasi. Watoto wangu wakaruka juu ya mtu. Brayani anaita, wao wanatua. Alipoita "Makucha!", Glori aliruka na viatu vyake vyeupe, akatua juu ya vidole vya yule kijana vilivyokuwa vimetandazwa kwenye saruji, na wenzake wote wakatua pamoja naye, kwa pigo moja.

Kwa mara ya kwanza walipatia.

Hilo ndilo nililowaza. Mungu anisamehe. Nimesimama na maiki mkononi, mtu anapiga yowe chini ya viatu vya watoto niliokabidhiwa, na mimi nawaza, wamepatia. Sijui nilisimama vile kwa muda gani. Ulitosha wao kurudia wimbo kuanzia kichwani.

Kilichonizindua ni harufu ya petroli. Mtu alikuwa ameshaleta tairi.

Nikapiga kelele "acheni", hakuna aliyesikia. Nikalia, hakuna aliyeona. Ndipo likanitoka lile ninalotumia kila Jumapili kuwatuliza watoto wanapozidi fujo. Niliweka maiki mdomoni nikaita, "Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameeen!"

Watoto waliganda palepale, mikono juu, kama tulivyozoeana. Na watu wazima nao! Nusu ya umati uliitikia kwa mazoea tu. Jamaa mmoja aliinua mkono wenye tofali, akasema amen, akabaki nalo hewani asijue alifanyie nini.

Nikaita tena. Wakaitikia tena. Mzee Shabani, mlinzi wetu kutoka Msimbu, Mwislamu wa swala tano, alinipita akaniambia kwa sauti ya chini, "Usinyamaze, mwanangu. Waitie hivyo hivyo." Akapenya katikati, akamshika yule kijana makwapani, akamburuta hadi ofisi ya mchungaji na kujifungia naye ndani. Umati ulipozinduka, mlango ulikuwa umeshafungwa. Waliupiga mawe, wakavunja vioo vyote vya dirisha, mmoja akanisukuma nikaangukia spika. Mzee hakufungua mpaka polisi walipofika.

Nilipitia hospitali kabla ya kurudi nyumbani. Yuko hai. Taya limevunjika, jicho moja bado hawana uhakika nalo, na vidole vya mkono wa kulia vimesagika. Kweli aliiba simu ya mtu leo, hilo halibishaniwi. Anaitwa Festo. Mdogo wake wa kike alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, akainuka akaniambia, "Shikamoo anti, Mungu akubariki, umemwokoa kaka yangu." Nikaitikia marahaba. Nikapokea na baraka.

Mchungaji amenipigia kutoka safarini. "Mwalimu, watoto ni watoto, watasahau. Programu isibadilike, kuna wageni wanatoka mpaka Maneromango kuja kuusikia huo wimbo." Nimemjibu kwa adabu, kisha nikairusha simu kitandani kama inaniunguza.

Halafu ukaja ujumbe wa sauti wa mama Glori. "Mwalimu, huyu mtoto kanigomea nisivifute viatu. Anamwambia baba yake eti leo amelikanyaga joka lenyewe. Hata sijui nicheke au nilie."

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tunavyoambiana kwenye semina za walimu wa watoto. Haya, nimewakunja.

Kesho huo wimbo hauimbwi. Mchungaji akiutaka sana, apande yeye madhabahuni aruke. Mimi nitawakalisha watoto kabla ya ibada niwaambie kwamba yule hakuwa joka. Alikuwa mtu aliyeiba, anaitwa Festo, ana mdogo wake anayemlisha uji kwa mrija. Nitawaambia tulikosea, na tutamwombea, na wanaotaka kulia walie.

Halafu Glori atanyoosha mkono. Namjua, hawezi kuacha. Ataniuliza, "Kama hakuwa joka, mwalimu, mbona ulikuwa unatuangalia tu?"