Waya wa Mwisho ni wa Mwalimu

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Dada yangu mpenzi,

Chiriku kanifanyia kituko sasa hivi hata kalamu imeniponyoka. Katoka nje na mfuko wa nailoni, kakimbia nao uwanja mzima hadi ukajaa upepo, kaufunga fundo, kaniletea. "Mama, mtumie mama mkubwa. Wa kifua." Nimeuweka juu ya kabati, ningefanyaje?

Hujambo lakini? Kifua kinasemaje? Unakula? Sisi wazima, tunakukosa tu. Kwa kuwa kwenye simu kikohozi hakikupi nafasi, tuandikiane. Barua ataleta jirani yetu muuguzi. Usinicheke mwandiko, unajua shule niliiachia wapi.

Darasa lako la sita bado halina mwalimu. Nikiingia kufagia nawakuta wanaikodolea macho ile feni ya upepo mliyoikata kwenye ndoo kuukuu ya plastiki, ya kuzalisha umeme wa taa ya darasa. Haizunguki. Wakaniambia, "Mama Chiriku, wewe si mdogo wake mwalimu? Muulize." Basi nakuuliza. Na ile sola yenu ya kusaidiana nayo haijazi betri, wakati mimi naitunza kama yai. Kila asubuhi naifunika shuka, jua lisije kuichakaza kabla hujarudi.

Wako,
Mdogo wako

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa huyo mfunga upepo. Mimi naendelea hivyo hivyo. Leo nimekaa kitini, wodi nzima ikaniona shujaa.

Umeifunika sola shuka! Nimecheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani nimepaliwa. Jua ndilo chakula chake, wewe umeilaza njaa! Ifunue, iweke juu ya bati. Adui yake ni vumbi, na kwa vumbi wewe ndiye fundi.

Kuhusu feni, nadhani mabawa yamekaa bapa. Ila usiwape jibu. Kila mmoja ashike kipande cha boksi kwenye upepo, kwanza wima, kisha akiinamishe kidogo, aseme mkono wake umesukumwa wapi. Watagombana. Waache wagombane, somo liko hapo.

Dada yako

Jumatatu, tarehe 19 Mei

Dada,

Unaendeleaje? Sisi tumeshinda na furaha hadi aibu!

Waligombana kweli. Mmoja akadai boksi la mwenzake limerogwa. Halafu yule mpole wa nyuma, asiyesemaga, akasema, "Likiinama, upepo unateleza, unalisukuma pembeni." Wakayapinda mabawa juu ya mvuke wa maji ya moto, nikishika mimi. Feni ikakohoa, ikazunguka! Sola nayo iko juu ya bati, naifuta kila asubuhi. Betri inajaa.

Taa wameifunga juu ya ubao. Umebaki waya mmoja tu, na darasa limeamua waya wa mwisho ni wa mwalimu. Wameuning'iniza kwenye msumari, ole wake atakayeugusa. Nami nimewaunga mkono. Utakuja kuuunganisha mwenyewe. Daktari anasema utatoka lini?

Mdogo wako

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Anaandika muuguzi, mimi natamka. Samahani nimekawia. Wamenihamishia karibu na mashine ya hewa.

Daktari hajasema lini, nami nimeacha kumuuliza. Unganisheni waya. Nataka kusikia imewaka.

Dada yako

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Dada,

Pole, pole sana. Lakini hapana. Nimeshawaambia watoto unakuja, na nguo yako ya bluu nimeipiga pasi. Tukiwasha bila wewe itakuwa kama tumekuaga, mimi sitaki.

Ule mfuko wa Chiriku ulisinyaa. Nimeupuliza upya kwa siri, hajui. Kula hata uji. Tunakungoja.

Mdogo wako

Jumanne, tarehe 17 Juni

Mdogo wangu,

Umefunika shuka tena.

Najua ni kwa mapenzi, hata mara ile ilikuwa kwa mapenzi. Lakini watoto wale wanakaa chini ya taa iliyozimwa kwa ajili yangu, na mimi sikuwafundisha hivyo. Sitakuja, mama Chiriku. Nimekwambia mimi, usije kuambiwa na mtu mwingine. Funua. Uniandikie ilivyokuwa, muuguzi atanisomea.

Dada yako

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Dada, inawaka!

Hata salamu nimeziruka, nisamehe. Nimekaa dawati la mbele, naandika kwa mwanga wake. Nje kuna wingu zito, darasa lilikuwa giza kabisa.

Barua yako nililia nayo siku mbili, kisha nikawasomea watoto yote, hata pale pagumu. Yule mpole akautoa waya msumarini, akaniambia, "Shika wewe. Una mikono kama yake." Nikakosea mara mbili, dada. Ya tatu ukaingia. Wakasimama wote, kama walivyokuwa wakisimama ukiingia asubuhi.

Chiriku alikuja na mfuko wake. Akasema mama mkubwa yuko mbali, basi upepo aupe feni. Akafungua fundo mbele ya mabawa, pumzi zangu zile zikatoka, fyuu. Bawa halikutikisika hata kidogo, na hakuna aliyecheka. Halafu akatazama juu akaniuliza kitu, dada, lazima nikwambie, utacheka wewe. Ameniuliza eti

Ngoja, mwalimu mkuu yuko mlangoni, ananiita. Ameshika simu, ila haongei nayo, ananitazama tu. Sasa ananiita tena, kwa jina langu hasa, si mama Chiriku. Naenda mara moja, taa naiacha ikiwaka, nikirudi nakumalizia alichoniuliza mwanao, maana alisema, "Mama, sasa mama mkubwa anaiona ta