Ukuta wa Ukumbi wa Nyuma

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi goti, limekubali ngazi au bado linakuadhibu? Mimi sijambo, ila chokaa imenikaba koo mpaka nikicheka natoa vumbi.

Ile kazi nimeipata. Ni mimi fundi mkuu wa ukarabati wa makumbusho, jengo lile lile ulilofanyia kazi kabla sijazaliwa, lilipokuwa kituo cha polisi. Watu wa mtaa huu wanapita mlangoni kila siku na hawajawahi kuingia. Wanaliita Jumba la Kufuli. Sasa tunabomoa uzio, tunapanua lango lielekee sokoni, tunaweka mteremko wa viti vya magurudumu, vyoo na chumba cha kusomea. Uwanja wa nyuma tutaumwagia zege, watoto wapate pa kuchezea.

Kitu kimoja kinanisumbua. Ramani inasema ukumbi wa nyuma una urefu wa mita kumi na mbili. Nimepima mara tatu, napata tisa. Nilimuuliza mlinzi wetu mzee, Babu Funguo, ambaye yupo hapa tangu enzi zenu. Akaangalia viatu vyake tu. Wewe unajua kuna nini nyuma ya ukuta huo?

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linajikokota. Hongera kwa kazi.

Nyuma ya ukuta ule kuna tangi la maji lililooza. Usiuguse. Ukiuvunja, paa litawaangukia. Pakeni rangi, tundikeni picha za ndege, mwendelee na mengine. Tangu nianze kukulea sijawahi kukuomba kitu. Hiki nakuomba.

Baba yako

8 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, nisamehe mwandiko.

Niliuvunja Jumatatu. Nilikagua boriti kwanza. Paa halikuutegemea ukuta ule hata kidogo. Tangi hapana. Kuna chumba kisicho na dirisha, pete nne za chuma ukutani, na sakafu iliyochimbwa mfereji wa kutoa maji nje. Lipu yote ina mikwaruzo ya kucha. Mafundi wangu, watu wasionyamaza hata wakila, walivua kofia.

Kabla ya saa sita mchana soko zima lilishajua. Akaja fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mama wa miaka sabini, akapenyeza mkono kwenye pete moja. Kaka yake, mchapaji wa magazeti, aliletwa hapa akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, hakutoka. Yule mama alipiga ukelele ambao bado uko masikioni mwangu. Watu wakafurika.

Babu Funguo alikimbilia kufunga lango, kwa mazoea tu. Hilo ndilo lililomponza. "Huyu alikuwa mmoja wao!" Walimburuta kwa kola juu ya kifusi, wakampiga mateke, wakampiga kwa vipande vya matofali, kwa makoleo yetu wenyewe. Nilimlalia. Koleo lililokuwa linakuja kichwani kwake likanivunja mkono juu ya kiwiko. Walipotutenganisha, jicho lake moja lilikuwa limetoka.

Alikufa Alhamisi hospitalini, nikiwa kando yake. Alisema, "Mimi nilikuwa wa kuteka maji. Muulize baba yako."

Baba, nakuuliza.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Sina salamu za kukupa leo.

Ufunguo wa chumba kile ulikuwa wangu, miaka minne. Yule mzee, Mungu amrehemu, hakumgusa mtu. Aliteka maji ya kuoshea sakafu. Siku nyingine aliwanywesha wafungwa kwa siri, na nilipomkuta nilimzaba vibao.

Mchapaji namkumbuka. Wakubwa wangu walitaka majina ya wenzake. Nilimpiga nyayo kwa mpini wa sururu siku mbili. Ya tatu nikampiga mbavu, nikazisikia zikiachia. Alinitukana mpaka pumzi ikamwisha. Nikaenda nyumbani, nikanawa, nikala. Usiniulize kama niliamriwa. Niliamriwa, na nilikuwa hodari.

Kituo kilipohamishwa nikaambiwa nizibe. Ukuta ule niliujenga mwenyewe. Ulipokuwa mdogo ulinisifu kwamba najua kupanga matofali, nilijifunzia pale.

Nakuja. Nitasema mbele ya watu wa mtaa huo. Usije kunipokea stendi.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nasikia uko zahanati ya gereza tangu polisi wakuchukue, taya limefungwa nyaya, huwezi kusema. Hii ni barua ya tatu nakuandikia huko.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Ulisimama katikati ya chumba kile, ukaanza kusema, hukumaliza. Waliokuangusha walikuwa wengi, mafundi wangu wakiwamo. Niliona meno yako yakianguka sakafuni. Nami nilisimama pale pale, mkono ukiwa kwenye plasta, sikusogea. Nataka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Aliyewazuia ni fundi cherehani. Alijitupa juu yako akafoka, "Mwacheni! Akifa huyu, nitamuuliza nani?" Ukaonyesha uwanja wa nyuma, ukainua vidole vinne.

Kazi ya zege tumeisimamisha. Mtaa mzima umekuja kuchimba, hata waliomuua Babu Funguo. Wanachimba bila kuinua macho. Mkurugenzi wa makumbusho alitaka chumba kipakwe chokaa, watu wakamkatalia. Wanaingia sasa, asubuhi hadi jioni, wanakaa humo na majina ya watu wao.

Tumepata mifupa ya watu watatu. Mchapaji hayumo. Dada yake anasema alikuwa mrefu, aliinama kila mlango, na hao watatu ni wafupi wote. Ameleta cherehani yake, ameiweka ukingoni mwa shimo, anashona huku akiwatazama wachimbaji. Kila mleta barua akipita, mama huyo ananiuliza, "Baba yako amejibu?" Mvua imeanza juzi. Kuta za shimo zinabomoka.

Kalamu na karatasi nimemwachia daktari wa gereza. Taya halihitajiki. Chora tu: kutoka kona gani, hatua ngapi.

Baba, yuko wapi?

Mwanao