Kamba Iliyonyeshewa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Beni

Nimefika jana jioni. Nyumba mpya ya Mama Jokébed hapa Mulekera ina madirisha saba, na bado inanuka rangi. Mama Jokébed ndiye bosi wangu. Anauza vitambaa Butembo, anakaa Kimemi, na mimi kwake ni mtu wa kazi zote: kubeba mizigo, kurekebisha milango, kuzibua mabomba. Sasa amenituma huku nifunge mapazia ya vibao. Yeye anayaita store. Vibao vyembamba vya aluminiumu, vinalala kimoja juu ya kingine. Ukivuta kamba vinapanda, ukizungusha kijiti vinageuka. Yale ya nyumba ya Kimemi niliyafunga mwaka jana, na mpaka leo yako sawasawa.

Huku anakaa mama mkwe wake, Koko Kaswera. Alikimbia kijiji chake mwaka ule mbaya wa vita, hakurudi. Rido, pazia la kitambaa, haitaki. Ukiifungua, kila mtu anakuona. Ukiifunga, huoni anayekuja. Yeye anataka kuona bila kuonwa. Nilimwelewa mara moja.

Leo nimepima. Kamba saba za katani, kila dirisha na kamba yake — fundo mwanzo, fundo mwisho. Mèta ya kupimia ninayo, lakini ncha yake ilikatika, na zile namba ndogo sipatani nazo. Niliacha shule mwaka wa tano wa primère. Kamba haina namba. Haidanganyi. Ndivyo Baba alivyonifundisha.

Koko aliponiona ninanyoosha kamba dirishani, alipiga kelele! Nani amekufa? Unapima nani? Mimi ningali muzima! Nikamwambia napima dirisha, Koko. Akasema hapa Beni kamba ya vile hapana ya dirisha. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Ana haki.


Jumanne, 8 Oktoba. Butembo

Nimerudi kwa moto, ile pikipiki ya abiria. Mvua ilitukamata njiani, pale Maboya, ile ya kupiga magoti na masikio. Kamba zilikuwa mfukoni mwa koti. Nimefika nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Siméon, fundi wa kukata store, alikuwa anafunga duka. Nikamwambia kata leo. Akaziangalia zile kamba zinadondosha maji, akasema, hii ni mèta ao mutego wa panya? Rudi na namba, vieux, nitakata kesho. Nikakataa. Nikamwambia Baba yangu amepima hivi miaka arobaini pale Mutwanga, na hakuna mtu aliyelalamika. Siméon akasema, batu ba baba yako balalamike na kinywa gani?

Tulicheka mpaka akashika meza. Baba ni fundi wa majeneza. Siméon anajua.

Akakata. Yote saba, kufuata mafundo yangu. Nililala nikijiona mtu wa maana.


Alhamisi, 10 Oktoba. Butembo

Dada yangu Katungu amepiga simu kutoka Mutwanga. Baba haamki tena kitandani. Miguu imevimba, anakunywa uji kidogo tu. Nikamuuliza mmempeleka hospitali? Wamempeleka, wamerudishwa. Akasema, Tata anauliza Edmond yuko mbali kiasi gani.

Nikasema niko na kazi, nikimaliza store za Beni nitafika. Katungu akauliza store ni nini. Nikaanza kumweleza! Vibao, kamba, kijiti. Unite za simu zikaisha nikiwa katikati. Dakika zote nne za dada yangu nimezimaliza kwa vibao.

Miaka sita sijakanyaga nyumbani.


Jumamosi, 12 Oktoba. Beni

Siku mbaya.

Asubuhi nilitoboa, nikatia visi kwa bisibisi, nikaweka nivo ya kuangalia usawa — kila kitu kimenyooka. Nikapachika pazia la kwanza, la chumba cha Koko. Nikashuka kwenye ngazi niangalie. Mwanga ulikuwa unaingia pembeni. Kidole kizima kushoto, kidole kizima kulia. La pili vilevile. Yote saba! Mafupi yote.

Koko akasimama mbele ya dirisha lake. Akatia jicho pale pembeni, akaona barabara. Kisha akatoka nje, akatia jicho kutoka upande wa pili. Akarudi, akasema, mimi nimekiona kitanda. Na mwingine ataona. Amehamisha godoro, amelitandika kwenye korido isiyo na dirisha. Mwanamke wa miaka sabini na zaidi, katika nyumba mpya, analala koridoni kwa sababu yangu.

Mama Jokébed kwenye simu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema, Edmond, mais wewe! Nilikuambia mama ni mutu wa woga. Donc utabaki huko mpaka itengenezwe. Nikasema ndiyo, patronne.

Mchana nikachukua kamba zangu. Zilikuwa zimetundikwa msumarini, zimekauka kabisa. Nikazinyoosha tena dirishani. Sawasawa! Fundo linagusa ukuta huku na huku. Nikaweka kamba juu ya pazia — kamba ndefu kuliko pazia, vidole viwili. Nikakaa chini.

Maji. Katani ikilowa inajikunja, inakuwa fupi. Ilikuwa fupi mbele ya Siméon, na mimi nikasema kata.

Sasa Baba naye? Mutwanga mvua inatoka mlimani kila siku. Miaka arobaini alipima na kamba zilizolowa? Lazima. Lakini Baba kila mara alikuwa anaongeza vidole vinne. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza vya nini, akasema mtu asibanwe. Vile vidole vinne vilikuwa vinameza kosa, na hakuna aliyeliona. Dirisha halina vidole vinne. Mimi nilichukua kamba ya Baba nikaacha vidole vyake.


Jumapili, 13 Oktoba

Koko amekwenda ibada. Mimi nimebaki, nimeziba matundu ya jana.

Beni mpaka Mutwanga ni saa mbili za moto, barabara ikiwa wazi. Leo ni siku ya yenga, hakuna kazi. Ningeweza kwenda na kurudi. Nilivaa viatu. Nikafika barabarani. Motard, mwendesha moto, akaniuliza, papa, wapi? Nikasema sokoni.

Nimenunua mastic ya kuzibia matundu na ndizi mbili.


Jumanne, 15 Oktoba

Nimeazima mèta nzima kwa jirani. Siméon amenielekeza kwa simu, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu: pima juu, pima katikati, pima chini. Ukuta hauna uaminifu. Chukua namba ndogo kuliko zote, toa santimeta moja, pazia lisikwaruze. Andika. Soma tena. Andika tena.

Mkono mmoja hautoshi. Koko akaja mwenyewe, akashika ncha ya mèta ukutani. Akasema hii ya chuma haimtishi. Tulizunguka madirisha yote saba hivyo, yeye ncha, mimi namba.

Kwenye dirisha la nne akaniuliza nani alinifundisha ile kamba. Nikamwambia. Akauliza, angali muzima? Nikasema ni mgonjwa. Yuko wapi? Mutwanga. Akaachia ncha, mèta ikarudi kwa nguvu ikanipiga kidole. Mutwanga hapa karibu?

Nikamweleza. Sijawahi kumweleza mtu.

Ulikuwa mwezi ambao tulikata majeneza kumi na moja kwa wiki mbili. Siku moja ililetwa kamba fupi sana. Fundo na fundo — mkono wangu mmoja tu. Nilikata ule ubao. Nilipomaliza, nikatupa ile kamba kwenye moto wa maranda, nikamwambia Baba, wewe unapenda hii vita, inakupatia kazi. Mbele ya wateja. Mbele ya mama wa yule mtoto.

Baba alichukua ufagio, akaanza kufagia maranda ambayo alikuwa ameshayafagia. Kesho yake nikapanda gari la Butembo.

Baba kwa majeneza ya watoto hakuwahi kupokea kitu, hata kuku. Nilikuwa najua hilo siku ile niliposema. Nilijua, nikasema.

Koko alishika ncha tena mpaka dirisha la sita. Kisha akasema, na wewe ungali unapima madirisha.


Alhamisi, 17 Oktoba

Mapazia mapya yamefika na gari la mizigo. Siméon ametia karatasi ndani: Kwa fundi wa panya. Nimecheka kidogo.

Nimefunga matano. Yanajaa dirisha vizuri, hata kidole hakipiti. Nimefupisha kamba za kuvutia, nimezifunga juu, kwa sababu wajukuu wa Koko wanakuja Noeli na kamba inayoning'inia ni hatari kwa shingo ya mtoto.

Koko nimemfundisha kuyatunza. Kabla ya kuvuta juu, lalisha vibao kwanza, usivilazimishe. Vumbi la barabara toa kila wiki: vaa soksi kuukuu mkononi, kavu, pitisha kibao kwa kibao, kutoka juu. Hapana maji mengi, hapana sabuni ya unga, inakula rangi. Kibao kikipinda usikinyooshe kwa hasira. Ananisikiliza huku anazungusha kijiti: anafunga, anafungua, anafunga. Anayaita dirisha yenye mbavu. Motard akipita, Koko ananiambia, namuona, yeye hanioni! Wasingya, mwana, asante.

Leo amerudisha godoro chumbani.

Katungu amepiga. Uji haupiti tena. Nikasema nimebakiza mawili. Akasema, mawili nini? Akakata kabla sijajibu.


Ijumaa, 18 Oktoba

Ningemaliza leo. Moja nilifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Halikuwa na kosa lolote.


Jumamosi, 19 Oktoba

Saa nne asubuhi moto imesimama nje. Koko aliiona kwanza, kwa mbavu zake. Akaniita, Edmond, mutu wa matope anasoma namba ya nyumba.

Ni Lusenge, motard wa kwetu, mtoto wa jirani. Sikumtambua, ameota ndevu. Ametoka Mutwanga alfajiri, mvua njia nzima. Ametumwa na Katungu. Amevua kitu alichokuwa amekizungusha kwenye mkono wake wa kushoto, juu ya koti, amenipa.

Kamba ya katani. Ndefu. Mafundo mawili.

Nikauliza, saa ngapi? Lusenge akasema, hapana, hapana, tulia, papa Edmond! Mzee angali. Nimemwacha macho wazi. Ni yeye mwenyewe amejipima jana. Ameomba kamba kutoka kwenye sanduku la kazi. Anasema mbao za Mutwanga siku hizi ni mbichi, zinapinda, za Beni zimekauka. Anataka ukate wewe. Akasema, mwambie vidole vinne, asisahau.

Fundo la kwanza ni la Baba. Nalijua, lile la kupita mara mbili na kurudi chini. La pili si lake, ni la Katungu. Baba hakuweza kufikia miguu yake.

Koko akaja, akaiona mkononi mwangu. Nani amekufa? Nikasema hakuna, Koko. Angali muzima. Akaniuliza, sasa mbao ni za nini?

Lusenge amesema lazima apite kizuizi cha barabarani kabla ya saa tisa, baadaye kinafungwa na hakuna anayepita mpaka kesho. Na moto ni moja. Mbao ao wewe, papa. Byote bibili haitabeba.

Anakula wali jikoni kwa Koko. Mbao nzuri ziko nyuma ya soko, kwa saa moja tu zitakuwa zimekatwa, zimefungwa kwenye moto. Baba alisema kata. Mara ya kwanza kwa miaka sita ananiambia neno, na neno lenyewe ni kata. Nikikata, nimemtii. Lakini kamba imelowa chapachapa. Sikati mbao kwa kamba iliyolowa, sifanyi hilo mara mbili. Nimeipima ikilowa, nimeandika namba: mita moja na sitini na tatu. Kisha nimeitundika kwenye pazia la chumba cha Koko, jua linapita katikati ya vibao. Nangoja ikauke nijue urefu wake wa kweli.

Pazia la saba bado liko ndani ya karatasi, chini, karibu na mguu wangu.

Koko amesimama dirishani. Anazungusha kijiti. Hanitazami. Anasema, kama ungekwenda ungemuona mutu mwenyewe, hana haja ya kukauka.

Saa saba na nusu. Nimeipima tena: mita moja na sitini na tano. Baba anarefuka.

Lusenge ametoka, anapangusa kiti cha moto. Koko anasema, namuona. Anasema, amevaa kofia yake. Anasema, Edmond, amewasha, na ile kamba nyingine ameishika mkononi, ile ya kufungia mbao, anaangalia huku, hajui afunge mbao ao akupakie wewe. Naacha kalamu, kamba ibaki dirishani.