Volti Tuliyobishania

Mjukuu wangu Salma,

Amani ikufikie huko masomoni. Hapa Gikondo tu wazima, na mama yako amefungua duka la ushonaji.

Umeuliza kwa nini laini ya umeme isipewe volti kubwa kabisa, maana kwa volti kubwa umeme unaopotea njiani hupungua. Ujanani nilishikilia hivyohivyo. Mhandisi mwenzangu, Yusufu, alitaka volti ndogo, nguzo na transfoma ziwe rahisi. Vijiji vikabaki gizani tukibishana.

"Unahesabu ujenzi tu!" nikamwambia.

"Na wewe unahesabu upotevu tu."

Mwishowe tukakaa pamoja, tukajumlisha gharama zote mbili kwa kila volti. Jumla ndogo kuliko zote ikaangukia katikati, kwenye volti ambayo hakuna kati yetu aliyeitaka. Tulicheka! Laini ikajengwa, taa zikawaka.

Yusufu akaja kunichumbia. Sasa babu yako ananiita, chai inapoa.

Bibi yako, Mariamu