Mawe ya Chokaa

Ngara, 14 Machi 1980

Kaka Gozbert, shikamoo.

Mama hajambo, na maharage yameota vizuri.

Nimeiona saini yako kwenye agizo la kamati ya hospitali. Mmefyeka migomba yote nje ya wodi ya vijana waliorudi vitani na akili zilizovurugika, eti wasijifiche humo. Badala yake mmepanga mawe meupe ya chokaa, mistari minyoofu kama kambini.

Kwenye ile migomba mdogo wetu Xavery alikuwa ameanza kuongea. Sasa akiyaona mawe anasimama wima juani, anangoja amri, mpaka nimshike mkono.

Mimi ninayewauguza sikuulizwa.

Ukija kumwona, njoo na jembe na machipukizi ya migomba ya Baba. Bila hivyo, baki hukohuko.

Mdogo wako,
Adelfina